Mkunga, machale na dakika ya kwanza

Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Dkt. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya ya Tanzania walichapisha matokeo ya mafunzo yaliyotolewa katika hospitali nane nchini. Kilichofundishwa kilikuwa kifupi: mtoto akitoka, mkaushe, asipolia, msugue mgongo, asipopumua, mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa, kifaa ambacho wodini hukiita ambu, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo ndiyo takwimu iliyosemwa sana, na ilistahili. Lakini kuna nyingine, na hiyo ndiyo isiyonitoka akilini. Watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao miili yao haikuwa imeanza kuharibika tumboni, walipungua kwa asilimia 24, kutoka 19 hadi kati ya 14 na 15 kwa kila watoto 1,000.

Mafunzo yale yalihusu watoto waliokwisha kuzaliwa. Inawezekanaje mafunzo ya kumsaidia aliyezaliwa yapunguze idadi ya waliokufa kabla ya kuzaliwa?

Tukubali kwanza kwamba utafiti ulilinganisha hali ya kabla na hali ya baada, bila kundi jingine la kupimia, na kwamba huenda baadhi ya wakunga walianza pia kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa makini zaidi wakati wa uchungu. Hata hivyo, maelezo yanayobeba uzito zaidi ni haya: sehemu ya watoto wale hawakuwa wafu. Walizaliwa wamechoka, kama wasemavyo wenyewe wodini. Walitoka wamelegea, hawalii, rangi si yake, mapigo ya moyo yako chini mno kusikika kwa haraka. Mtu mwenye uzoefu akawatazama, akaona kile alichokwisha kukiona mara nyingi, akaamua kuwa hapa hakuna mtoto. Akawafunika, akamgeukia mama aliyekuwa akivuja damu.

Simlaumu mkunga huyo. Yuko peke yake zamu ya usiku, kina mama watatu wanajifungua kwa pamoja, na jicho lake limemsaidia mara nyingi kuliko lilivyomwangusha. Nataka tu tuutazame uamuzi wenyewe, kwa sababu tunapobishana kama mtu aamue kwa hesabu au kwa machale, tunaongea kana kwamba ni suala la hulka: huyu ni mtu wa karatasi, yule ni mtu wa hisia, kila mmoja na kipaji chake. Chumba cha kujifungulia kinaonyesha kwamba suala ni jingine. Kuna hali zinazolifundisha jicho na kuna hali zinazolidanganya, na anayelitumia hawezi kuzitofautisha kwa kusikiliza tu jinsi anavyojiamini.

Hoja hiyo waliiweka wazi watu wawili waliotoka kambi mbili. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake akionyesha jinsi hisia zinavyokosea. Gary Klein, naye mwanasaikolojia, alitumia yake akiwachunguza makamanda wa zimamoto wanaofanya uamuzi sahihi ndani ya nyumba inayoungua bila kulinganisha chaguo hata mbili. Mwaka 2009 waliandika makala pamoja, wakitarajia kutofautiana. Walijikuta wanakubaliana kwamba hisia ya mzoefu ni ya kuaminiwa pale ambapo mazingira yana mpangilio unaojirudia, na pale ambapo mtu hupata nafasi ya kujifunza mpangilio huo kwa kuona upesi kama alikosea au alipatia. Mpishi akizidisha chumvi hujua mchana huohuo. Ndiyo maana mkono wake hatimaye haukosei.

Sasa rudi kwa mtoto aliyefunikwa. Aliyeamua kwamba ni mfu hatapata kamwe habari kwamba alikosea. Akikosea, uamuzi wake unageuka kuwa kweli ndani ya dakika chache, na daftari la wodi linaandika mtoto mfu. Akipatia, daftari linaandika hivyohivyo. Miaka ishirini ya kazi ya namna hiyo haimwongezei ujuzi hata chembe katika jambo hili moja. Inamwongezea kujiamini tu. Ni hapa ambapo watetezi wa uzoefu, nami nawaheshimu, wanateleza: wanahesabu miaka, hawaulizi kama miaka hiyo ilikuwa na majibu ndani yake. Muuguzi wa zahanati anayempa rufaa mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, kwenda hospitali ya wilaya, na asiambiwe kamwe mtoto alitoka salama au la, yuko katika giza hilohilo. Anaamua kila wiki, hapati matokeo.

Kanuni ya dakika moja inaziba pengo hilo kwa njia ambayo wengi huiona ya kudhalilisha. Inamwambia mtaalamu: usiamue kama mtoto huyu ni hai au mfu kwa kumtazama. Uliza swali moja tu, anapumua au hapumui, kisha fanya kilichoandikwa. Nimesikia malalamiko kwamba taratibu za namna hii zinawafanya wakunga wawe mashine. Naona kinyume chake. Mkunga mmoja hawezi kuzalisha watoto wa kutosha kujua ni wangapi kati ya waliolegea kabisa wangeamka kwa pumzi za ambu. Wodi mamia zikiunganisha walichoona, jibu linapatikana. Kilichobandikwa ukutani ni uzoefu, tena mwingi kuliko wa mtu yeyote aliyemo chumbani.

Hata alama za Apgar, ambazo mama hukuta zimeandikwa kwenye kadi ya mtoto, 8 au 9 juu ya 10, zilianza hivyo. Dkt. Virginia Apgar, mtaalamu wa dawa za usingizi huko New York, alizibuni mwaka 1952 na kuzichapisha mwaka uliofuata: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mwitikio wa mtoto akiguswa na rangi ya ngozi, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitano ambacho mkunga wa wakati ule hakukijua. Kilichokosekana ni mtu kuvitazama vyote, kila mara, kwa kila mtoto. Kabla ya hapo huyu alitishwa na rangi, yule alitulizwa na mkono uliocheza, na kila mmoja alitoka na hukumu yake.

Upande wa pili una mambo mazito, na baadhi yanauma. Mfano wa kwanza ni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Mstari wake wa tahadhari ulijengwa juu ya kazi ya Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972 kutoka jiji ambalo leo ni Harare, na kwa miongo mingi mlango wa kizazi ulitarajiwa kufunguka angalau sentimita moja kwa saa. Mama aliyekwenda polepole zaidi aliangukia upande mbaya wa mstari. Wakunga wengi waliozalisha kwa miaka walijua kwamba kuna wanawake wanaokwenda taratibu na wanajifungua salama bila kuongezewa uchungu wala kupasuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikiri kwamba kipimo cha sentimita moja kwa saa hakifai kutumika kwa kila mwanamke, na mwaka 2020 likatoa chati mpya. Jicho lilikuwa sahihi na karatasi ilikuwa imekosea.

Lakini hapa mkunga alikuwa na majibu. Alimwona mama akienda taratibu, akangoja, akamshika mtoto mkononi akilia. Jicho lake lilifundishwa na matokeo yenyewe, mara kwa mara, katika chumba kilekile. Masharti ya Kahneman na Klein yalitimia, kwa hiyo ushindi wake dhidi ya chati unaendana na hoja yangu, hauipingi.

Jambo la pili ni rangi. Kanuni ya Apgar iliandikwa mahali ambapo mtoto mwenye afya alitarajiwa kuwa wa waridi mwili mzima. Mkunga wa Mbeya au Kisumu hutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Asingekuwa na busara hiyo, alama yake ingekuwa ya uongo. Kanuni yoyote inahitaji mtu anayejua kwamba iliandikwa na nani, wapi, ikimtazama mtoto gani.

La tatu linawahusu wauguzi wa watoto wachanga mahututi. Klein na wenzake waliwahoji wauguzi wa namna hiyo Marekani, ambao mara nyingi walisema mtoto ana maambukizi kabla vipimo vya maabara havijaonyesha, na walipoulizwa wanajuaje walijibu kwamba wanajua tu. Walipobanwa kwa upole, tukio moja baada ya jingine, walitaja dalili ambazo baadhi yake hazikuwemo katika vitabu vya mafunzo. Machale yao yalikuwa elimu ambayo haijapata wa kuiandika. Hilo nalichukulia kwa uzito wote: anayewanyamazisha watu hao kwa sababu fomu haina kisanduku cha wanachokiona, anaua watoto kwa njia nyingine.

Kisha kuna karatasi zinazojazwa kwa ajili ya karatasi. Hospitali ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani kati ya 2007 na 2008, na katika hospitali hizo kwa ujumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ilionekana kama jibu limepatikana. Mwaka 2014 yakaja matokeo kutoka jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hizo zilikuwa zimefanywa za lazima: katika hospitali 101 hapakuwa na upungufu wa maana wa vifo. Sababu zilizopendekezwa ni nyingi, lakini mtu yeyote aliyewahi kuona patografu ikijazwa yote kwa mkupuo baada ya mtoto kuzaliwa anaielewa mojawapo bila kuelezwa.

Tofauti hiyo kati ya kuwa na kanuni na kuishi nayo ilionekana vizuri zaidi Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 hospitali ya huko iliwapa watumishi wake siku moja ya mafunzo hayahaya ya kumsaidia mtoto kupumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali. Kwenye kitanda halisi, mbele ya mtoto halisi, hakuna kilichobadilika. Kanuni ilikuwa kichwani, mikono ikafuata mazoea ya zamani. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, mwanasesere akiwepo wodini karibu, mtu akipita anafanya kwa dakika chache. Baada ya hapo vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua.

Kwangu haya ya Haydom yanavunja uzio kati ya kambi mbili. Dakika moja haitoshi kufikiri. Mkunga aliyefanikiwa pale hakukaa akikumbuka hatua ya pili ya chati. Mkono wake ulishika barakoa kabla hajajiambia chochote. Aliamua kwa hisia, ila hisia hiyo ilikuwa imefinyangwa na kanuni, siku baada ya siku, hadi ikachukua nafasi ya ile ya kwanza iliyosema funika.

Kipi kitangulie, kanuni au hisia, ni muhimu kuliko kuchagua kimoja kati yake. Mwaka 1955, Kahneman akiwa luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa wanajeshi wapya. Aliwaagiza wasaili waache kutoa hukumu ya jumla, wamtathmini kila kijana katika sifa sita, moja baada ya nyingine, kwa maswali yaliyopangwa. Wakakasirika, wakisema anawageuza kuwa roboti. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza kujaza zote sita, fumbeni macho, mtoe alama yenu ya hisia. Matokeo yalipofuatiliwa, alama hiyo ya mwisho ilitabiri vizuri, sawa na jumla ya zile sita. Hisia ileile iliyopotosha ilipotangulia, ilisaidia ilipongoja zamu yake.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo mawili kwenye wodi zetu za wazazi, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ya gharama. Kwanza, hospitali inayopokea rufaa iirudishie zahanati jibu, japo kwa simu ya mstari mmoja: mama wa jana alijifungua hivi, mtoto yuko hivi, dalili uliyoiona ilikuwa hii. Bila hilo tunawadai wakunga uzoefu ambao tumewanyima. Pili, fomu za ufuatiliaji ziwe na nafasi ya wasiwasi. Hospitali ya Liverpool mjini Sydney, iliyoanzisha timu za dharura za wodini miaka ya 1990, iliorodhesha vigezo vya kuiita timu: mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu. Miongoni mwa vigezo hivyo kuna kimoja kinachoruhusu mtumishi kuita kwa sababu tu ana wasiwasi na mgonjwa, bila kutakiwa kueleza zaidi. Kisanduku hicho kikiwekwa chini kabisa ya chati, baada ya vipimo vyote kujazwa, nesi wa zamu ya usiku Haydom au Ifakara atakuwa na haki ya kumwamsha daktari kwa machale yake, na asubuhi kutakuwa na rekodi ya kuangalia kama alipatia.