Tui na Chicha Hawagawanywi

Mama alipofariki alituachia nyumba ya Ngamiani, hapa Tanga, yenye ua mpana, cherehani, mbuzi ya nazi aliyokuwa akiikalia tangu sijazaliwa, na paka wawili. Jike mweupe alimwita Tui. Dume, mwenye rangi ya vumbi na manyoya yaliyosimama hovyo kama kitu kilichokwisha kukamuliwa, alimwita Chicha. Majirani walicheka mpaka wakazoea.

Baada ya arobaini tukakaa barazani kugawana vyombo. Kila aliyezika mzazi anaijua siku hiyo, jinsi ndugu wa tumbo moja mnavyooneana haya juu ya sufuria. Kabati likaenda kwa dada, cherehani kwangu, redio kwa kaka. Mbuzi ya nazi nusura ituletee maneno. Jua linazama, kaka akawatazama wale paka wamelala kwenye jamvi, mkia wa mmoja shingoni kwa mwenziwe, akasema, "Na hawa nao tugawane. Dume namchukua mimi, Muheza panya wananimalizia mahindi. Jike aende kwa shangazi, Sahare."

Ilionekana haki. Dada anaishi Dodoma kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mimi mwanangu ana pumu, na manyoya ya paka ndani ya nyumba ni kumtafutia safari ya hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo nikasema, "Hapo sawa." Maneno mawili tu, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya leo.

Chicha alisafirishwa ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu. Kondakta wa daladala aliuliza huyo kuku ni wa kienyeji au wa kisasa. Tui nilimpeleka mwenyewe kwa bajaji, nimempakata, kimya njia nzima. Nikajisifu moyoni: mtulivu huyu, hata hana habari.

Siku ya tatu shangazi akanipigia. "Mwanangu, huyu paka wenu ana nini? Nimempa kibua kizima, hata kunusa hanusi. Usiku analia kama mtoto mchanga, jirani ameshaanza kuniuliza."

Nikaenda. Tui alikuwa amejikunyata nyuma ya mtungi, manyoya yamegandana. Aliposikia sauti yangu akatoka, na mimi kwa ujinga nikadhani amenifurahia. Akanipita. Akaunusa mkoba wangu pande zote, akaingiza kichwa ndani, akakitoa, akarudi nyuma ya mtungi.

Nikamwita bwana mifugo. Alitukuta wakati mwafaka, maana shangazi alikuwa ameshakata nusu ya kidonge cha paracetamol ampe, eti ana homa. Yule bwana alimshika mkono kabisa. Dawa hiyo kwa paka ni sumu, na hata hiyo nusu inaweza kumuua. Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Paka mzima akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mwili wake huanza kuyatumia mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo hukimbilia kwenye ini. Ini likishajaa, hamu ya chakula ndiyo inazidi kukatika, na hapo unaanza kumpoteza. Mbwa huvumilia njaa kuliko hivyo. "Huyu hadeki," akasema. "Mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake, tukaja kujua, alikuwa ametoroka Muheza usiku wa kwanza tu. Kaka hakutaka kutwambia. Siku ya nne akampata kwenye banda la machungwa la jirani, amekonda, ana jeraha sikioni, akamleta kwa bodaboda mchana huohuo.

Ningependa kusema walikimbiliana. Wapi! Tui alimsogelea, akamnusa, akafoka na kutoa meno. Shangazi akapiga kelele, "Ndoa imevunjika hii!" Kumbe paka humjua mwenziwe kwa harufu kuliko kwa sura, na Chicha alinuka machungwa, petroli na kiroba. Bwana mifugo akasema tuwaache chumba kimoja, tusiwalazimishe, tuwapanguse wote wawili kwa kitambaa kimoja. Ilichukua kama saa nzima. Mwisho Tui akaanza kumlamba lile sikio lenye jeraha, taratibu, huku Chicha amefumba macho. Baada ya hapo akaenda kula kibua. Shangazi alilia. Mimi nilijifanya natafuta simu.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila paka wawili waliolala nyumba moja ni pete na kidole. Wengine wanavumiliana tu, kama wapangaji wanaogombania bomba la maji. Kila mmoja ana kona yake, wakikutana mlangoni mmoja anainamisha masikio, wakati wa kula mmoja anasubiri mwingine aondoke. Hao ukiwatenganisha pengine umewapa nafuu. Unaotakiwa kuwatazama ni wale wanaolala wamegusana hata siku ya joto la Februari, wanaolambana vichwa, wanaosuguana mashavu kila mmoja akitoka matembezini, na mmoja akifungiwa chumbani mwingine anakaa mlangoni anaita. Hayo yote tulikuwa tunayaona kwa mama miaka sita. Tuliyaona, na bado tukawahesabu kama sahani.

Kosa letu lilikuwa na nia njema, na kuna kosa jingine hapa mjini linalovaa joho hilohilo. Nalo ni kumtupa paka sokoni. Tanga tunajiita mji wa waja leo, na waondokao nao ni wengi. Mtumishi anahamishwa, gari la mizigo linapakiwa mpaka ndoo ya mwisho, paka anabaki juu ya ukuta anatazama. Mwenye huruma kidogo anamtia kwenye kikapu alfajiri, anamshusha soko la samaki pale Deep Sea. "Kuna vichwa vya samaki kule, atashiba." Kumuua anaogopa, maana wote tumekulia kwenye imani kwamba damu ya paka ni mkosi. Akimtupa anarudi nyumbani na moyo mweupe.

Na ukimuuliza atakujibu kwa dini. Atakwambia ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. "Mimi sikumfunga, nimemwacha huru ajitafutie." Mimi si shehe, lakini jamani. Paka aliyezaliwa chini ya kitanda chako, akalishwa kwa sahani miaka sita, ukimweka alfajiri katikati ya mapaka shume ya pwani ambayo kila moja lina mpaka wake na makucha yake, uhuru gani huo umempa? Vichwa vya samaki vipo, kweli. Vina wenyewe. Paka wa ndani anayehamishiwa ghafla asipopajua hafikirii kula kwanza, anafikiria kujificha. Nenda Deep Sea mashua zikiingia, usitazame samaki, tazama chini ya meza na nyuma ya matenga. Utawaona walioletwa jana. Ndio hawasogei.

Basi tukaamua: wanaondoka wawili, au hawaondoki. Shangazi akakubali kuwatunza mpaka tupate mtu, kwa masharti ya kulalamika kila siku.

Kumtafutia paka mkubwa nyumba ni kazi, msidanganywe. Watu wanataka kitoto cha kuchezea. "Ana miaka sita? Huyo bibi, hazoei tena." Paka anayetunzwa vizuri anafika miaka kumi na mitano, hata zaidi, kwa hiyo mwenye miaka sita ni mtu mzima aliyetulia. Huyu unamjua tabia. Pazia hapandi, mchanga wake anaujua, usiku analala. Kitoto unakichukua hujui unaleta nani.

Wengine walitaka dume tu, kwa hofu ya kuzaliana. Hiyo hofu naielewa, maana jike asiyefungwa kizazi anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na baada ya miezi miwili umeshakuwa bibi wa wajukuu wanne. Lakini Tui alifungwa kizazi baada ya uzazi wake wa kwanza, na Chicha alihasiwa zamani. Mama alikuwa na akili zake. Kadi zao za chanjo ya kichaa cha mbwa nilizikuta ndani ya msahafu wake wa zamani, pamoja na risiti za umeme. (Ndiyo, paka naye huchanjwa kichaa cha mbwa. Mate ya paka mwenye ugonjwa huo yanaua sawasawa na ya mbwa.)

Alitokea na mwenye duka aliyetaka mmoja wa kumfungia stoo usiku kwa ajili ya panya, akaniahidi na pesa. Nikamkatalia yote mawili. Kuhusu bei ya paka wanazuoni wana maneno yao tangu zamani, wako wanaoichukia na wako wanaoruhusu, na mimi siingii hapo. Ila nimegundua jambo la kimaisha: ukiwapa watu bure bila kuuliza chochote, wanachukua kama wanavyochukua kalenda. Usiombe pesa, uliza maswali. Nani atawalisha ukisafiri? Nyumba ni yako au umepanga, na mwenye nyumba anasemaje? Nije kuwaona baada ya mwezi? Anayekasirika kwa swali la tatu, mwache aende.

Na lile la "wawili watanilia" mimi silikubali sana. Fungu la dagaa la elfu moja na ugali kidogo viliwatosha hawa siku mbili kwa shangazi. Kinachotisha ni neno "wawili". Mtu anaona kama anabebeshwa. Ukweli ni kwamba paka mmoja mpweke ndiye anayekudai wewe usiku kucha, wakati hawa wanamalizana wenyewe.

Aliyewachukua hatimaye ni fundi baiskeli wa Mabawa, mzee wa makamo ya baba yangu, anaishi na mkewe, watoto wameshaoa na kuolewa. Nilikuwa nimepeleka gurudumu tu. Wengine wote waliniuliza, "Wanakamata panya?" Yeye alinyanyua kichwa kwenye mnyororo akauliza, "Wamezoea kula nini?" Nikajua biashara imekwisha.

Tuliwapeleka kwa tenga la kuku, moja, wote ndani, limefunikwa kanga ya mama waliyokuwa wakiilalia. Kanga hiyo hatukuifua. Mkewe fundi aliishika kwa ncha za vidole akataka kuitia kwenye beseni, nikamwomba, "Mama, subiri mwezi mmoja tu." Paka anapojisugua shavu kwenye kitu anaacha harufu yake, na penye harufu yake ndipo kwake. Ukiifua unawapokonya kipande pekee cha nyumbani walichokuja nacho.

Nikawaomba pia wawafungie chumba kimoja kwa wiki tatu, wavu dirishani, beseni la mchanga kona moja na chakula kona nyingine mbali nalo. Watu huona wiki tatu ni nyingi. Lakini hawakukosea waliosema paka hufuata nyumba, hafuati mtu. Kutoka Mabawa hadi Ngamiani, paka aliyefunguliwa mlango siku ya pili atakuwa barazani kwa mama kabla ya adhuhuri, kama magari yatamwacha. Na barazani kwa mama sasa kuna wapangaji.

Siku mbili za mwanzo, mzee alinipigia, hawakutoka chini ya kitanda. Nilikaa na roho juu, nikihesabu saa nikikumbuka lile ini. Usiku wa pili kuelekea wa tatu mkewe akasikia kitu kinatafuna gizani. Hakuwasha taa. Alikaa kitandani akasikiliza, asubuhi akaniambia kama anayenipa habari za mjukuu.

Baada ya mwezi nikaenda kama tulivyoahidiana. Chicha alikuwa amelala ndani ya tairi lililoning'inizwa ukutani, miguu yote nje. Tui alikuwa chini yake kwenye kanga, ambayo bado haijafuliwa na sasa ina grisi. Aliponiona alinyanyua kichwa, akakirudisha. Mkoba wangu hakuunusa.

"Panya hata mmoja hawajakamata," mzee akasema, akinimiminia chai. Nilikuwa nimewapelekea sahani mbili za mama, za bati, zenye maua ya bluu ukingoni, maana bwana mifugo alisema kila mmoja awe na yake. Nikaiona moja tu, tupu, imelambwa ikang'aa. Nikauliza ya pili iko wapi.

"Wanakula moja hao," akajibu, akinionyesha benchi lake kwa bisibisi. "Ile nyingine natilia spoki."