Trekta dogo halijakamilika mpaka lifike shambani

Mwezi wa kwanza nililiendesha trekta langu jipya nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu mguu wa kushoto haukufika vizuri kwenye klachi. Kiti nilishakisogeza mbele mpaka reli zikaishia. Walionitazama walidhani ni woga wa mtu mgeni wa mashine. Trekta lenyewe ni dogo, la nguvu farasi 27, linavuta kwa magurudumu yote manne, na aliyelibuni alimfikiria mwanamume mrefu. Mimi ni mwanamke mfupi wa Njombe mwenye ekari nane za parachichi kwenye mteremko. Fundi akanikatia bati nene, akatoboa matundu mapya, akakifunga kiti kwa bolti sentimita 6 mbele zaidi pamoja na mkanda wake, kisha akaniwekea kikanyagio cha kupandia. Kazi ya asubuhi moja. Tangu siku hiyo nakanyaga klachi mpaka chini mgongo ukiwa umeegemea.

Mtu akinunua trekta huulizwa kwanza lina farasi ngapi. Kwangu mimi hilo lingekuwa swali la tatu. Kwanza niambie nani atalikalia, halafu ardhi yako imelalaje.

Yangu imelala vibaya. Upande wa juu wa shamba unateremka kiasi kwamba mkokoteni ukiuachia unajiendea wenyewe. Kwa hiyo fedha niliyokuwa nimeitenga kwa taa za mbele na kivuli cha turubai niliielekeza kwenye matairi ya nyuma. Tulihamishia gurudumu la kulia kushoto na la kushoto kulia, rimu zikageuka, na magurudumu yakakaa mbali zaidi na mwili wa trekta ili lisipinduke kirahisi. (Ukifanya hivyo hakikisha meno ya tairi bado yanaelekea upande wake, maana yakikaa kinyume trekta linateleza kwenye tope.) Halafu tukajaza maji. Unalinyanyua gurudumu kwa jeki, unazungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, unaingiza maji huku ukiachia upepo utoke, na yanapofika usawa wa valvu unasimama. Hapo maji yamechukua kama robo tatu ya tairi, upepo unajaza kilichobaki. Kila tairi langu lilikunywa zaidi ya lita 100. Umande unaoganda hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai huishia kwenye majani, maji ya ndani ya tairi haujawahi kuyagusa.

Uzito huo umeongezeka chini kabisa, pale unapotakiwa. Lakini una gharama yake, na sitaificha. Mizizi mingi ya parachichi inayokula iko juu juu, na udongo ukishindiliwa maji yanasimama na mizizi inaoza. Kwa hiyo trekta langu halipiti chini ya majani ya mti, linapita katikati ya mistari tu, na mvua ikinyesha usiku halitoki mpaka udongo ukauke. Vibarua wangu walinung'unika. Nilikubali kupoteza siku nzima ya kufyeka kuliko kupoteza mti wa miaka sita.

Shamba hili zamani lilikuwa la miwati, na visiki vyake bado tunapambana navyo. Hapo ndipo fundi mmoja, ambaye kwa kweli anajua kuchomelea, alipotaka kuniwekea ndoana ya kuvutia visiki juu kabisa nyuma ya trekta, pale unapofungwa mkono wa juu wa zana.

"Mama, hapa patakuwa na nguvu zaidi," akaniambia.

Nilimkatalia. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli na kisiki kikagoma, magurudumu yanabaki pale pale na mwili wa trekta unanyanyuka kuyazunguka. Pua inakwenda juu, na dereva anafunikwa kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Cha kuvuta kifungwe kwenye ulimi wa chini, siku zote. Na ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, unaomlinda dereva trekta likipinduka, ambao wengi huukata kwa msumeno ili wapite chini ya matawi, mimi siukati. Wangu unakunjwa. Naukunja nikiingia kwenye matawi, na muda huo sifungi mkanda, maana bila upinde mkanda ungenibana chini ya trekta likipinduka. Nikitoka nausimamisha na mkanda naufunga.

Nikivuta visiki huwa naikumbuka Kongwa, kule Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga, walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kubadilisha mashine hakujaanza leo. Visiki, mizizi na udongo uliokauka ukawa kama tofali viliwashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Walikuwa na nguvu za kutosha kabisa.

Nikitoka hapo nina jambo linaloniuma. Trekta langu lina swichi chini ya kiti: ukinyanyuka huku shafti ya nyuma inazungusha zana, injini inazimika. Kijana ninayempa aendeshe aliona inamsumbua, kila akishuka kuondoa tawi mashine inazima. Akaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya. Niligundua wiki ya tatu, niliposhuka mwenyewe na injini haikuzima, nami nimevaa kanga.

Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika. Maana yake ni mara 9 kila sekunde. Ikidaka pindo la kanga inavuta kama mita mbili za kitambaa kwa sekunde moja, na kanga yenyewe haifiki mita mbili. Hakuna muda wa kupiga kelele. Sikumgombeza kijana. Nilifunga kipande cha kanga kuukuu kwenye fimbo ndefu, nikakisogeza kwenye shafti, akaona. Waya aliutoa mwenyewe, na kifuniko cha plastiki cha shafti, kilichokuwa kimepasuka tangu siku ya kwanza, tukakinunua kipya. Tangu siku hiyo sisogelei shafti nikiwa na kanga. Suruali na buti, na nywele ndani ya kofia.

Zana za mtumba pia zilinifunza. Nilinunua jembe la sahani lililotoka kwenye trekta kubwa, bei nzuri mno. Mikono ya chini ya trekta dogo kama langu inapokea pini za milimita 22, lile jembe lilikuwa na za 28. Tungeweza kutengeneza pini mpya, lakini tulipolinyanyua kwa mnyororo kwanza, magurudumu ya mbele ya trekta yalielea. Nililiuza tena kwa hasara. Kwa fedha iliyorudi nikachongewa jukwaa la chuma cha pembe linalokaa kwenye mikono ya nyuma, linabeba kreti za parachichi, mbolea na miche. Hilo ndilo linalofanya kazi kila siku ya juma.

Kuhusu oili, muuzaji aliniambia nisihangaike mpaka injini ifikishe saa 250 za kazi. Kitabu cha trekta langu kinasema ya kwanza imwagwe saa 50. Nilifuata kitabu, na oili iliyotoka ilikuwa inameremeta vumbi la chuma.

Kazi iliyobaki sasa ni tangi la bati la lita 500 kwenye tela. Likiwa nusu, maji yanakimbilia upande mmoja kwenye kona na tela linaanza kulisukuma trekta. Fundi ameshapima. Ataweka vizuizi viwili vya bati vyenye matundu ndani yake, na tunachosubiri ni umeme urudi achomelee kabla sijaanza kumwagilia miche ya juu.