Bustani za Kando ya Mto Mjini Mombasa: Mafuriko Sawa, Maji ya Kunywa Je?

Masika yakikaza, pale Ziwa la Ng'ombe, mtaa wa hapa Mombasa, utaona kioja ambacho wenyeji wameshakizoea: maji ya matope yamefika magotini, na katikati yake kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya njano. Anauza maji. Na jina la mtaa lenyewe linatosha kumtahadharisha anayetafuta kiwanja.

Wapo wanaosema dawa ya mambo haya mawili, mafuriko na uhaba wa maji ya kunywa, ni moja, nayo ni bustani za kando ya mto. Ardhi ya ukingoni huachwa wazi ikapandwa nyasi na miti. Mvua kubwa ikija, maji hutanda hapo badala ya kuingia vyumbani mwa watu, kisha huzama ardhini polepole. Mfano unaotajwa sana ni wa Singapore. Kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio walivunja mfereji wa zege wa kilomita 2.7 wakaurudishia Mto Kallang mapindo yake, na mwaka 2012 bustani ikafunguliwa. Jua likiwaka watu wanatembea. Mvua ikinyesha, njia zile zile ni mto.

Nikitazama Mombasa, kitu cha kwanza ninachokosa ni mto. Mito ya Kombeni na Tsalu inaishia kwenye hori la Tudor, mkono wa bahari, na Mwache kwenye hori la Port Reitz. Ndani ya mji tuna mabonde na mikondo ya msimu, mingi yake imeshajengewa au kujazwa taka. Tena tuna jambo ambalo miji ya bara haina: bahari inayopanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Mvua ikikutana na maji makuu, mdomo wa mtaro unazibwa na bahari yenyewe. Hata ukiuzibua mtaro kwa koleo mchana kutwa, maji hayana pa kwenda mpaka bahari ipwe.

Kwangu mimi, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutetea bustani hizi. Hatuhitaji mahali pa kuyaweka maji mwezi mzima. Tunahitaji pa kuyangojesha saa 5 au 6.

Ila tupige hesabu. Mvua ya milimita 100 ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba inaleta mita za ujazo 100,000. Bustani ya hekta moja, ikichimbwa nusu mita, inabeba 5,000. Ishirini kwa moja! Bishan ina hekta 62. Nani ataniambia hekta 62 za wazi ziko wapi Kisauni? Na hata penye nafasi na fedha mvua ina siku zake: Zhengzhou, mji wa China uliokuwa umewekeza kwenye mpango wa "miji sifongo", yaani miji inayofyonza maji ya mvua, ulizama Julai 2021 baada ya kunyeshewa zaidi ya milimita 200 kwa saa moja.

Kuhusu kuhifadhi maji, hapo nina shaka zaidi. Maji yetu ya bomba yanatoka mbali: chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, chemchemi za Marere, na visima vya Baricho na Tiwi. Yakikatika, watu wanarudi kwenye visima vya mtaani. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, una vitundu vingi, na maji huupenya upesi. Ni kweli kwamba maji matamu yakizama husaidia kuisukuma nyuma chumvi ya bahari. Lakini yanayozama pale bondeni yameshapita vyooni, kwenye makaro na jaa za taka. Ukiyazamisha juu ya visima vya watu, umehifadhi nini? Waliokaa kwenye ngome ya Fort Jesus walijua mapema maji ya kunywa yatafutwe wapi: mle ndani kuna kisima kirefu ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuoshea tu, na birika la kukinga mvua. Mvua ya kunywa huvunwa juu, kwenye paa, kabla haijagusa ardhi.

Halafu kuna swali la nani anahama. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Nairobi, amri ya kuhama umbali wa mita 30 kutoka mtoni iliwakuta wakazi wa Mathare na tingatinga mlangoni. Dar es Salaam, kwenye bonde la Msimbazi, watu walilipwa fidia, japo wapo waliolalamika kuwa haitoshi. Hapa kwetu fundo ni gumu zaidi, maana wengi wana nyumba lakini ardhi si yao. Wanamlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Fidia ikija, ataitwa nani mezani?

Ningeanza pasipo na mtu wa kuhamisha. Mikoko ya Tudor irudishwe ilikokatwa. Viwanja vya mpira vya shule za umma vilivyo bondeni vishushwe futi moja na nusu, vizungushiwe tuta, na viwe na mlango wa maji unaofunguliwa bahari ikipwa. Mwalimu wa michezo atanuna siku mbili kila mvua kubwa. Ila uwanja wa shule wenye tuta na kazi inayojulikana ni mgumu kunyakuliwa kuliko kiwanja kitupu, na kwa Mombasa hilo peke yake linanitosha kuunga mkono mpango huu.