Mafua ya mwanangu na dola 35

Saa tatu asubuhi simu ikaita. Sauti ya mashine: mwanao hajafika shuleni leo. Alikuwa kitandani na mafua, nami nimemkalia na chai ya tangawizi. Nikajisemea, jamani, hawa watu wanatupendea watoto! Jirani yangu Mkongomani hapa Gulfton, mtaa wa Houston, Texas, akacheka: "Ndugu, ile ni franga wanatafuta." Yaani pesa.

Kweli. Texas hailipi shule kwa idadi ya walioandikishwa, inalipa kwa wastani wa waliohudhuria. Kiwango cha msingi kilikaa dola 6,160 kwa mtoto kwa mwaka tangu 2019, na mwaka 2025 bunge la jimbo likaongeza dola 55 tu. Kwa hesabu ya juu juu, siku moja ya kukosa masomo ni kama dola 35. Nyumbani Tanzania, tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni sh 10,000 kwa mwaka, na humo 4,000 zilitengwa kwa vitabu kabla hazijafika shuleni. Zidisha kwa miaka yote saba: hazifiki dola 30. (Najua, mishahara ya walimu wetu inalipwa kando na Hazina, kwa hiyo mizani si sawa. Lakini bado.)

Kinachoniuma zaidi ni kile kinachotokea mtoto anapoongezeka. Wilaya ya shule ya Houston, ambayo si halmashauri bali chombo kinachojitegemea na kutoza kodi yake ya majengo, ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 210,000 mwaka 2016. Sasa hawafiki 180,000. Wengine wamehamia shule za mkataba (za umma, ila zinaendeshwa nje ya wilaya), wengine wamefukuzwa mjini na bei za nyumba. Kila anayeondoka anaondoka na fungu lake, basi mtoto mgeni anapokelewa kama neema. Kwetu 2016 watoto walifurika, na mwalimu akabaki na chaki ileile. Dada yangu Morogoro ana mtoto kwenye darasa la watoto 112. Wa 113 akija, nani atafurahi?

Msidhani nasifia tu. Watoto 8 kati ya 10 wa wilaya hii wanatoka familia zenye kipato duni, ila kwa kuwa majengo ya mji yana thamani kubwa, jimbo linaihesabu tajiri na kuichukulia sehemu ya kodi yake igawiwe kwingine. Na tangu Juni 2023 jimbo limeweka bodi yake badala ya ile iliyochaguliwa na wananchi. Novemba 2024 bodi hiyo ikaomba kukopa dola bilioni 4.4 za kujenga na kukarabati shule. Wapiga kura wakakataa. Hapo ndipo nilipoona wivu hasa, maana mimi kwetu sijawahi kuulizwa lolote kuhusu bajeti ya shule. Ninaambiwa mchango tu.

Jana dada kanitumia ujumbe wa sauti: uji na mlinzi, elfu kumi na tano kwa muhula. Nimetuma. Mafua yamepona, kesho mtoto anarudi kuhesabiwa.