Mashua ndogo, bahari chafu na amri ya kutotoka

Kila mashua ndogo ya uvuvi inapopotea siku ya upepo, hukumu hutoka kabla ya maiti kupatikana. Walionywa, hawakusikia. Utabiri ulisomwa, wao wakawasha mashine wakaenda zao. Baada ya hapo mjadala huwa mfupi: upepo ukifika kiwango fulani, vyombo vyote vidogo vizuiwe kutoka, na nahodha atakayekaidi anyang'anywe leseni, ikiwezekana na chombo.

Hoja hiyo ina uzito na nitaufikia. Tatizo langu ni kwamba wanaoitoa humhukumu mvuvi kama mtu asiyejua anachokifanya, ilhali karibu kila anayetia chombo majini siku mbaya amekwisha kupiga hesabu. Mafuta yamekopwa. Barafu na chambo vimekopwa. Mapato hugawanywa baada ya gharama kutolewa, kwa hiyo siku ya kukaa nchi kavu haiishii kwenye kukosa kipato, inaongeza deni. Na siku ambayo wengi wameogopa kutoka ndiyo siku ambayo samaki wachache watakaofika sokoni watagombewa. Asiyedaiwa ni rahisi kwake kuiita tamaa.

Halafu samaki wenyewe wamehama, au tuseme wamemalizwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa mwaka 1974 akiba za samaki wa baharini zilizokuwa zikivuliwa kupita kiasi zilikuwa takriban asilimia 10. Kufikia mwaka 2021 zilikuwa asilimia 37.7. Aliyekuwa akivua huku anaona minazi ya pwani sasa anakwenda mahali ambapo nchi kavu haionekani kabisa. Chombo ni kilekile cha mita 7, mashine ileile moja, watu walewale watatu au wanne. Kilichobadilika ni umbali. Akiwa maili 40 za baharini kutoka nyumbani, bahari ikachafuka, na yeye akimudu maili 8 kwa saa tu asije akaingiza maji, ana safari ya saa 5 mbele yake. Amri ya kutotoka iliyotangazwa asubuhi hiyo haimsaidii kitu. Ameshatoka tangu jana.

Sasa kipimo kinachopendwa na wanaotaka bahari ifungwe: kimo cha mawimbi. Utabiri ukitaja mita 1.5, msikilizaji aliyekaa sebuleni hupata picha ya mawimbi yaliyopangwa sawasawa, kila moja mita 1.5. Namba hiyo kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Yako mengi madogo chini yake, na machache yanayoipita mbali: kati ya mawimbi 1,000 hutarajiwa moja linalokaribia mara mbili ya namba iliyosomwa, yaani karibu mita 3. Mawimbi yakipishana kwa sekunde 6, hayo 1,000 yanamalizika ndani ya dakika 100. Anayekesha baharini kwa saa 12 atakutana na mkubwa wao zaidi ya mara moja. Majaribio ya kwenye matangi yaliyofanywa Uingereza baada ya maafa ya mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet ya mwaka 1979 yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika likikipiga chombo ubavuni, kimo cha asilimia 30 hivi ya urefu wa chombo chaweza kutosha kukipindua. Vile vilikuwa vyombo vya tanga vyenye sitaha. Boti ya wazi iliyojaa nyavu na samaki haina sababu ya kutarajia nafuu, na kwa urefu wa mita 7 tunazungumzia wimbi la mita 2 na kidogo.

Hadi hapo wanaotaka kufunga wanashinda. Lakini wimbi lisilovunjika, hata likiwa la mita 3, hukiinua chombo na kukishusha, basi. Kinachoua ni mwinuko mkali, na mwinuko hautokani na kimo peke yake. Mawimbi ya mita 3 yanayopishana kwa sekunde 12 yameachana kwa mita 220 hivi kwenye maji ya kina. Ni vilima vilivyolala. Mawimbi ya mita 1.5 yanayopishana kwa sekunde 5 yameachana kwa mita 39 tu, na mwinuko wake ni karibu mara tatu ya yale makubwa. Sheria inayoweka kikomo cha mita 2 ingewafungia watu siku ya kwanza na kuwaruhusu siku ya pili, tena kwa baraka zote za serikali. Ukiongeza mkondo unaokwenda kinyume na upepo, yale ya mita 1.5 husimama kama ukuta na kuanza kuvunjika, na hakuna namba moja ya utabiri itakayokuambia hivyo. Nahodha anayejua saa ya maji kugeuka anajua. Anajua pia kwamba yale mawimbi marefu ya kistaarabu huwa wauaji yakifika kwenye mlango wa miamba au mdomo wa mto, pale kina kinapokaribia kimo cha wimbi, na kwamba mahali pa kufia mara nyingi ni hapo, nyumbani kukiwa kunaonekana.

Kwa hiyo ninapomsikia mzee wa bahari akiudharau utabiri, namwelewa nusu. Nusu ya pili simkubalii. Uzoefu wa bahari hufundishwa na waliorudi. Aliyetumia mbinu ileile, kwenye upepo uleule, asirudi, hana darasa. Mtu anaweza kutoka siku mbaya mara nyingi, akarudi kila mara, na kila kurudi kukamwongezea imani katika uamuzi ambao haukuwa mzuri. Ulikuwa na bahati. Macho ya nahodha yanaisoma bahari iliyopo. Dhoruba itakayofika kesho kutwa huonwa na vituo vya hali ya hewa, na hapo hakuna ubingwa wa mtu mmoja unaoweza kushindana navyo. Kimbunga kinapokuja sina mjadala: vyombo vyote vifungwe, na walioko nje waitwe mapema kwa redio.

Upande wa kufunga una hoja nyingine ambayo hata wanaoufuata huisahau. Nahodha au mwenye chombo ndiye anayeamua kutoka. Mabaharia wake hawaamui. Kijana wa kuvuta nyavu akisema leo haendi, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Ukimtetea mvuvi kwamba ana haki ya kuchagua hatari yake, uliza kwanza ni mvuvi yupi. Na waokoaji nao wana maisha: anayekwenda kumtafuta aliyekaidi anaingia katika bahari ileile. Hayo mawili nayaona mazito kuliko mahubiri yote kuhusu ujinga wa wavuvi.

Pamoja na hayo nasimama upande wa pili, na sababu yangu kubwa ni hesabu ya utafutaji. Chombo kilichozimikiwa mashine, kikisukumwa na upepo na mkondo kwa kilomita 3 tu kwa saa, baada ya saa 6 kinaweza kuwa popote ndani ya duara la nusu kipenyo cha kilomita 18. Eneo hilo ni kilomita za mraba zipatazo 1,000. Subiri saa 6 nyingine uone: nusu kipenyo ni kilomita 36, na eneo limefika kilomita za mraba 4,000. Muda umeongezeka mara mbili, bahari ya kutafuta imeongezeka mara nne. Mtafutaji mzoefu ataupunguza mduara kwa kujua upepo ulikotoka, lakini kwa sharti la kujua chombo kilianzia wapi na saa ngapi. Macho ya mtu aliyekaa kwenye boti, yakiwa mita 1.5 juu ya maji, hufikia upeo wa kilomita 4 na ushee, tena bahari ikiwa shwari. Kichwa cha mtu aliye majini kwenye mawimbi kinaweza kupitwa kwa mita mia moja kisionekane.

Amri ya kutotoka hula saa hizo za mwanzo. Ukimwambia mvuvi mwenye deni kwamba akitoka atanyang'anywa chombo, baadhi watabaki, nakubali. Wengine wataondoka usiku, kutoka ufuo usio na mtu, bila kuandikwa popote na redio ikiwa imezimwa. Alfajiri wasiporudi, mke au ndugu atapiga simu? Akipiga amemshtaki mtu wake, na huenda mtu mwenyewe amechelewa tu. Atangoja kidogo. Atangoja hadi mchana. Wakati anapata ujasiri wa kusema, zile kilomita za mraba 1,000 zimekuwa 4,000, na ndege ya kutafuta, kama ipo, ina mwanga wa saa chache uliobaki. Huyo hakuuawa na wimbi peke yake.

Kwamba vyombo hivi havionekani, takwimu za vifo zenyewe zinashuhudia. Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria vifo 24,000 kwa mwaka katika uvuvi. Baadaye FAO ilitaja 32,000. Mwaka 2022 taasisi ya FISH Safety Foundation ikaja na makadirio ya zaidi ya 100,000. Sidhani bahari imezidi ukali mara nne katika miaka ishirini na ushee. Naona watu walewale waliokuwa wakifa bila kuandikwa, wameanza kuhesabiwa. Sheria za kimataifa nazo ziliwapita kwa juu: Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2012 kuhusu usalama wa vyombo vya uvuvi unaanzia vyombo vya mita 24.

Tena ajali nyingi zinazoitwa za dhoruba zilianza na kitu kidogo. Februari 2009, wanaume wanne walikwenda kuvua mbali na pwani ya Florida kwa boti ya futi 21. Nanga ikanasa. Wakaifunga kamba nyuma, upande wa tezi, wakakanyaga mafuta ili ing'oke. Tezi ikavutwa chini, maji yakaingia, boti ikapinduka. Bahari iliyochafuka ndiyo iliyomaliza kazi. Aliyepona ni mmoja, aliyekutwa juu ya tumbo la boti siku mbili baadaye. Na yule José Salvador Alvarenga, aliyetoka pwani ya Meksiko Novemba 2012 kwa boti ya takriban mita 7 akaibukia Visiwa vya Marshall Januari 2014, boti yake haikuzama. Mashine ilikufa, redio ikafa, na waliomtafuta hawakumpata. Mwenzake alifia njiani. Kwenye visa vyote viwili, kilichohitajika zaidi ni mtu wa nchi kavu kujua mapema kwamba kuna jambo, na wapi.

Kifaa cha kumjulisha kipo. Kitoa ishara cha masafa ya 406 MHz kinachosikilizwa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, hutoshea mfukoni, na kikiwa na GPS hutaja mahali kwa kosa la mita mia moja hivi. Lakini lazima kiandikishwe kwa jina la mwenyewe na namba ya mtu wa kupigiwa simu nchi kavu, na hapo tunarudi kwa mvuvi yuleyule tuliyemfundisha kukwepa kuandikwa. Kuhusu jaketi okozi sina la kujadili. Katika takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani za mwaka 2022 kuhusu boti za starehe, asilimia 85 ya waliozama, pale ilipojulikana kama walivaa au la, hawakuwa wamevaa. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halihesabiki.

Ningependa amri ya kutotoka ibakie kwa vimbunga na dhoruba zilizothibitishwa, na siku nyingine zote mbaya ziendeshwe kwa masharti. Jaketi mwilini, mashine ya akiba au makasia yanayofaa, vyombo viwili viongozane, na baharia anayekataa kwenda asipoteze nafasi yake. Hili la mwisho liandikwe kwenye sheria, kwa sababu hakuna mwenye chombo atakayelitoa kwa hiari. Serikali inayotaka kufunga bahari mara kwa mara ieleze pia nani analipa deni la siku hizo. Nimesoma mapendekezo mengi ya usalama yanayolikwepa swali hilo kwa adabu kubwa.

Zaidi ya yote, kitabu cha kutokea kitenganishwe na adhabu. Anayekishika asiwe yule anayekagua leseni. Awe mtu wa zamu wa diko, pale vyombo vinapotia nanga, mwenye redio na simu, anayeandika majina, uelekeo na saa ya kurudi, hata kwa chombo kilichotoka kinyume cha ushauri wake. Saa hiyo ikipita kwa dakika 30 bila jibu, aanze kuita waokoaji, na suala la ruhusa liulizwe watu wakishafika nchi kavu.