Mtoto akiigiza, nani wa kusema "basi"?

Siku hizi Moshi si lazima uwe na ndugu kwenye filamu ili mwanao aigize. Vijana wenye kamera wanashuti Majengo na Pasua, klipu ya dakika moja inasambaa kwenye simu, na baada ya muda prodyuza wa Dar es Salaam anampigia mama mtu. Hapo ukoo hugawanyika. Mjomba anasema kipaji ni riziki, bibi anasema mtoto asome kwanza.

Wa upande wa mjomba nawaelewa. Mtoto mwenye haya akiigiza hujifunza kusimama mbele za watu, kushika maneno mengi kichwani na kusubiri zamu yake. Walimu wa shule za msingi wanaiona nguvu hiyo kila siku ya wazazi, pale mtoto asiyenyoosha kidole darasani anapong'ara kwenye ngonjera. Na mzazi anayewaza ada si lazima awe mwenye tamaa.

Wa upande wa bibi huzungumzia masomo tu, wakati mimi naogopa zaidi sini ya kulia, yaani kile kipande cha filamu ambacho mtoto anatakiwa kutoa machozi. Mtu mzima ana ufundi wa kutoa machozi. Mtoto wa miaka minane hana, kwa hiyo wapo watu wa lokesheni wanaomtisha, au wanaomwambia awaze mama yake amekufa. Machozi yanakuja, mwongozaji anashangilia, watu wazima wanapiga makofi. Mtoto anabaki na picha ile usiku, tena amejifunza kwamba uchungu wake ndio unaopendwa. Wazazi wengi hawajui hilo kwa sababu hawakuwepo. Na kuna njia nyingine: matone ya machozi ya bandia, kamera kumchukua kutokea mgongoni, na baada ya sini kumwosha uso, kumvua nguo za uhusika, kumwita kwa jina lake la nyumbani na kumwacha acheze.

Nyumbani nako tuna la kwetu. Desemba, ukoo ukirudi kula sikukuu, mtoto huyo huitwa sebuleni: "Hebu tuigizie kidogo!" Tunafanya kwa upendo, lakini kwake hata likizo imekuwa kazi. Akikataa, asiitwe mwenye maringo.

Kisha kuna fedha, na hapa ndipo naona kiini cha jambo. Nchini Marekani, Jackie Coogan aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu iliyotoka 1921 alikuja kukuta, utu uzimani, kwamba mapato yake yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Aliwashtaki 1938, na 1939 California ikatunga sheria ya kulinda sehemu ya mapato ya watoto wasanii. Hasara ya mtoto wa namna hiyo haiishii kwenye fedha. Mtoto anayejua kwamba kodi ya nyumba inatoka kwenye posho yake hawezi kusema amechoka.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa na inakataza kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mzazi aijue kabla ya kusaini chochote.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka watoto wasiigize kabisa. Ninachopinga ni mzazi kuwa mlezi na meneja kwa pamoja. Mama akishika mkataba, basi bibi, shangazi au baba asiyegusa fedha hizo awepo lokesheni na awe na mamlaka ya kusimamisha sini, na posho iingie akaunti ya mtoto. Kumpeleka Dar akakae kwa ndugu peke yake ili tamthilia iendelee, hapana, kwa sababu huko hakuna wa kuona ameanza kushtuka usingizini, kukojoa kitandani upya au kukwepa marafiki. Dalili hizo zikidumu, hospitali ya KCMC, Moshi, kuna wataalamu wa afya ya akili, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Tamthilia inaweza kuandikwa upya bila mhusika huyo. Waandishi hufanya hivyo kila mara.