Treni ya umeme tumeipata, saruji je?

Tangu katikati ya 2024, abiria wa Dar es Salaam anafika Dodoma kwa treni ya umeme bila tone la dizeli kichwani. Umeme unatoka gridi ya taifa, na gridi hiyo sasa inategemea sana maji ya Rufiji: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Kenya ilifungua reli ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 kwa vichwa vya dizeli, ingawa umeme wake mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Hapo Tanzania ilichagua vizuri.

Wanaoitilia shaka reli hii wana hoja. Mvua zikipungua, maji hupungua. Mgao wa 2023 tunaukumbuka. Gridi ikizimika, treni inasimama porini na watu wake. Mimi naona udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye mizigo. Ukipita barabara ya Tunduma utaona foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, na kila moja linakunywa dizeli.

Hata hivyo, usafiri una njia inayoonekana ya kupunguza hewa ukaa. Saruji ndiyo inayoninyima usingizi. Reli yenyewe imesimama juu ya madaraja na mataruma ya zege, na zege halipatikani bila saruji. Kiwandani, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi hadi yatoe klinka, yaani vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Jiwe lenyewe, likiungua, linaachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka hapo, si kwenye makaa ya mawe yanayowasha tanuri. Kwa hiyo hata ukiwasha tanuri kwa umeme wa Rufiji, tatizo kubwa linabaki palepale.

Wapo wasemao tuachwe tujenge kwanza. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia itokanayo na mafuta, gesi na makaa, na makaa ya Ngaka, Ruvuma, yanatoa ajira kwa vijana wa kule. Sioni haki kumwambia mama anayejenga chumba cha pili alipe mfuko wa saruji kwa bei ya juu ili kufidia moshi wa Ulaya. Hoja hii ina uzito, lakini inachukulia kwamba kupunguza hewa ukaa lazima kuongeze gharama, na kwa saruji si hivyo kila mara. Majivu ya volkano ya Mbeya, yakisagwa na kuchanganywa na klinka, hupunguza klinka inayohitajika, na klinka ndiyo inayokula mafuta.

Mafundi hulalamika kwamba saruji ya mchanganyiko inachelewa kukomaa, na ni kweli: ukiwahi kubomoa mbao za zege, utajuta. Kwa nguzo za daraja, sawa, tumia saruji ya nguvu ya juu, ile ya 42.5. Ila nimeona watu wakiidai hata kwa plasta. Zabuni za serikali zingeweza kuanza hapo, kwa kutaja saruji ya kila kazi: zahanati ya kijiji haihitaji saruji ya daraja la treni.